Kalama Hachekeshi

Nilijua siku mbili kabla ya Kalama. Hilo ndilo kosa langu, na nalisema mapema ili anayetaka kunihukumu asingoje mpaka mwisho.

Jumatatu asubuhi Pola, mwongozaji wa filamu yetu, alipanda ngazi hadi chumba cha juu nilimokuwa nikishona mavazi ya waigizaji. Akafunga mlango. Kwa wiki tano tulizokuwa tukipiga picha nyumbani kwetu Malindi, Pola hakuwahi kufunga mlango wowote. Ni mwanamke wa Kilifi, mwenye sauti ya kuita watu mtaa wa pili, na siri haimkai. Siku hiyo alinong'ona. Aliweka kikaratasi juu ya cherehani yangu. Kilikuwa na vipimo vya mwanamume: kifua, bega, kiuno, urefu.

"Ipunguze kanzu ya harusi," alisema. "Na ile suruali ya bugaluu. Na shati la maua. Kila alichovaa Kalama."

"Nimpunguzie nani?"

"Gitau. Mchekeshaji wa Nairobi. Anafika Alhamisi."

Nilivitazama vile vipimo. Mtu mfupi, mnene wa kifua.

"Na Kalama?"

Pola aliketi juu ya sanduku la vitambaa. "Kalama hachekeshi, Nahla."

Filamu yenyewe ilikuwa ya kuchekesha. Kijana wa bodaboda wa siku hizi anaingia kwa kinyozi mkongwe wa Malindi, anakalia kiti kibovu, kiti kinazunguka mara tatu, naye anaposhuka anajikuta mwaka 1974, siku ya harusi ya babu yake. Babu amejificha kwa woga. Wakwe ambao hawajawahi kumwona bwana harusi wanamdaka kijana wa bodaboda, wanamvisha kanzu na joho, wanamketisha mbele ya kadhi. Yeye anamjua bibi harusi ni nani. Ni nyanya yake mzaa baba.

Kalama ndiye aliyekuwa kijana huyo. Na Kalama ndiye niliyempenda.

"Nimekaa siku tatu nikizitazama picha," Pola aliendelea. "Uso wake ukitokea, huwezi kutazama pengine. Lakini hilo onyesho la nikaha! Kadhi anamuuliza umekubali, naye anajibu kama mtu aliyelingoja swali hilo maisha yake yote. Mpiga picha alilia. Mimi nililia. Filamu ya kuchekesha hii, na watu wanalia pale pale wanapotakiwa kuvunjika mbavu."

Nilijua kwa nini alijibu vile. Siku ile nilikuwa nimesimama nyuma ya kamera, pini mdomoni, na Kalama hakuwa akimtazama kadhi.

"Usimwambie," Pola alisema. "Wenye filamu bado hawajakubali turudie kazi ya wiki tano. Wakikataa tutaendelea naye, na haitafaa awe ameshajua. Jumatano nitapata jibu, nitamwambia mwenyewe. Niahidi."

Nikaahidi. Nilijiambia kwamba wenye filamu watakataa. Nani angekubali kutupa kazi ya wiki tano? Nilijiambia pia kwamba siku mbili si kitu.

Zilikuwa kitu. Baba yangu, Mahmood bin Muhdhar, si mtu mkali. Nyumba yetu aliwapa watu wa filamu kwa sababu anapenda kucheka tu. Nilipomweleza habari za Kalama, mwezi wa Rajabu, hakupiga meza. Aliniuliza maswali matatu. Dini yake? Nikamwambia atasilimu, ameshaamua. Watu wake? Wagiriama wa Ganze, wakulima. Kazi yake?

Hapo nilibabaika. Kalama alianza chuo cha ualimu akakiacha. Alianza kutembeza wageni kwenye mikoko ya Dabaso akaacha. Alianza duka la simu Kilifi mjini, nalo likaishia njiani.

"Mimi sina ugomvi na Mgiriama," baba alisema. "Tumezikana na kuozeshana nao tangu zamani. Lakini nataka kuona kitu kimoja tu ambacho kijana huyu amekianza akakimaliza. Kimoja, mwanangu. Akiimaliza filamu hii, aje na wazee wake, nitawapa kahawa na nitawasikiliza."

Wiki ile zilikuwa zimebaki siku nane za kupiga picha.

Jumatano, adhuhuri, nilikuwa nikishona upindo mpya wa kanzu. Mlango ulikuwa wazi kama kawaida, na shangazi Saleha amekaa kizingitini akisuka ukili wake, maana baba hakuruhusu mwanamume aingie chumbani mwangu bila shangazi kuwepo. Nikasikia hatua za Kalama ngazini. Nazijua. Hupanda mbili mbili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona una vumbi la safari? Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, Ganze. Jana hatukuwa na kazi."

Aliingia akasimama mbele yangu, akatabasamu kwa namna ambayo sikuipenda. Midomo ilitabasamu, macho yalikuwa mekundu.

"Nimemwambia mama," alisema.

Sindano ikanichoma kidole.

"Umemwambia nini?"

"Yote. Kwamba nasilimu. Kwamba nakuoa. Kwamba filamu ikiisha namtaka aje na baba mdogo kwa mzee Mahmood."

"Kalama! Tulisema tungoje."

"Tungoje nini? Zimebaki siku nane. Siwezi kumgongea mama siku ya mwisho, niseme vaa leso twende kuposa." Alivuta pumzi. "Alikuwa akipepeta mahindi. Akauweka uteo chini. Akanambia, 'Baba yako nilimzika kwa wimbo, nikiuongoza mwenyewe. Mimi nitazikwa na nani, Kalama? Na mgeni?' Nikamwambia nitakuwepo, mama, mimi ni mwanao vile vile. Akaingia ndani, akatoka na begi langu, akaliweka nje ya mlango. Hakupiga kelele, Nahla. Heri angepiga."

Mama yake, Dorcas, nilikuwa nimemwona mara moja tu, kwenye picha ya simu: mwanamke mwembamba aliyevaa sare ya kwaya, amemshika Kalama bega kama anayeogopa upepo utamchukua.

"Alisema nini tena?"

"Kwamba nisirudi mpaka niwe nimeiacha habari hii." Alipangusa uso kwa kiganja. "Haidhuru. Nitamrudia nikiwa na kitu mkononi. Ataiona filamu. Kijiji kizima kitaiona. Mama anapenda kucheka, hujui tu. Siku atakayoniona kwenye ukuta wa ukumbi nimevaa joho nimechanganyikiwa, atalainika. Mulungu atamlainisha."

Nikainamia kazi, na nikakumbuka nimeshika nini. Naye akakitazama.

"Hiyo si kanzu yangu?"

Aliichukua kabla sijaificha. Akaiweka kifuani, akaiachia ianguke. Ilimfika katikati ya muundi. Kwanza akacheka.

"Umenikata miguu? Fundi gani wewe, shubiri nzima?"

"Kalama, nipe."

"Au wamebadilisha onyesho? Nimekua ghafla?"

Kisha akakiona kile kikaratasi kando ya mkasi. Pola alikuwa ameandika jina juu yake kwa herufi kubwa, ili nisichanganye vipimo. Kalama alisoma, akakigeuza nyuma kama kwamba maelezo yangekuwa upande wa pili, akakigeuza tena.

"Gitau ni nani?"

Mikono ya shangazi Saleha iliacha kusuka.

"Ni mchekeshaji," nilisema. "Pola atakueleza mwenyewe. Anangoja jibu la wenye filamu."

"Atanieleza nini?"

"Kalama..."

"Sema wewe. Kwani huna mdomo?"

"Wanataka kurudia. Kila kitu. Na yeye."

Alikaa juu ya lile sanduku la vitambaa, pale pale alipokuwa amekaa Pola. Kwa muda mrefu alikuwa akiilaza ile kanzu mapajani na kuinyoosha mikunjo, kana kwamba ndiyo kazi aliyopewa.

"Umejua tangu lini?"

Ningeweza kusema leo. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini nilikuwa sijawahi kumdanganya, na nadhani nilitumaini kwamba ukweli utanisaidia.

"Jumatatu."

"Jumatatu," alirudia. "Mimi nimekwenda Ganze Jumanne."

"Sikujua unakwenda kumwambia mama. Wallahi sikujua."

"Jumatatu jioni tulikaa barazani hapo chini, tukala mabuyu, ukanicheka nilivyochafuka mdomo. Ulikuwa unajua."

"Niliahidi. Na nilidhani watakataa, usingejua kamwe, usingeumia bure..."

"Ungenambia Jumatatu, Nahla, leo ningekuwa bado na mama."

Hakusema kwa sauti kubwa. Mimi ndiye niliyepaza sauti.

"Na mimi je? Unajua baba alisema nini? Ukiondoka kwenye filamu hii ndio mwisho wetu. Nilikuwa nashona huku naomba Mungu! Kila nilipokata uzi naomba wakatae!"

"Lakini ulikata."

"Ni kazi yangu!"

"Ndiyo. Ni kazi yako." Akainua macho. "Jina lako litaandikwa: mavazi, Nahla Mahmood. Langu halitaandikwa. Ulichagua."

"Usiseme hivyo."

"Ungekataa kuikata. Ungemwambia Pola, tafuta fundi mwengine. Hukuliwaza hata hilo?"

Sikuwa nimeliwaza. Hilo ndilo lililonichoma zaidi ya yote: halikunijia kabisa. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza yenye jina, na nilikuwa nimeikata kanzu vizuri, mstari umenyooka.

"Kalama, mwanangu," shangazi Saleha alisema kutoka kizingitini, "maneno mengine yakishatoka hayana pa kurudi. Nyamaza kidogo."

Na hapo ndipo Pola alipotokea ngazini, simu mkononi. Uso wake ulikuwa na jibu tayari. Wenye filamu walikuwa wamekubali. Alimtazama Kalama, akaitazama kanzu, akaelewa kwamba amechelewa.

"Nisamehe," alimwambia. "Nilitaka uisikie kwangu."

Kalama alisimama. "Nilikosea wapi, dada Pola?"

"Hukukosea. Ungekuwa mchezo wa huzuni, nisingemtafuta mwengine Kenya nzima."

"Basi nifundishe. Niambie nifanye nini, nitafanya. Nitachekesha."

"Kalama..."

"Ngoja. Ngoja uone."

Akaivaa ile kanzu juu ya shati lake, pale pale, mikono ikamfika karibu na viwiko. Akatoa macho. Akauvuta mdomo upande mmoja. Akajifanya amejikwaa kwenye joho ambalo hakuwa amelivaa, akayumba, akashika ukuta, akasema maneno ya bwana harusi kwa sauti nyembamba aliyoibuni papo hapo. Alikuwa akitokwa na jasho. Alimtazama Pola, akamtazama shangazi, akanitazama mimi. Nilitaka kucheka. Mungu ni shahidi, nilijaribu kukitafuta kicheko kifuani mwangu kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, na sikukipata. Sote watatu tulimwangalia tu.

Akaivua kanzu. Akaikunja vizuri, akanipa.

"Samahani, shangazi," alisema akipita kizingitini. Ngazi alizishuka moja moja.

Baba aliniita baada ya swala ya alasiri. Alikuwa amekaa ukumbini peke yake, nyaya za watu wa filamu zimezagaa miguuni pake.

"Nimesikia," alisema.

"Hakuacha yeye, baba. Ameondolewa. Hii si kama chuo, si kama Dabaso. Alitaka kumaliza."

"Najua."

"Basi umhesabie."

Baba alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kikoi. "Nahla, mtu anayeacha, unaweza kumwambia usiache. Anayetaka kumaliza na bado hamalizi, nimwambie nini? Nampenda yule kijana. Ana adabu, anaamkia vizuri. Lakini mimi nina miaka sabini na mbili, na nitakuacha na mtu. Nataka nijue nakuacha na nani."

"Mpe kitu kingine, baba. Kazi yoyote. Shambani, dukani."

"Na mama yake? Shangazi yako amenambia aliyoyasikia. Mama amemtoa mtoto wake nje kwa ajili yetu. Mimi nitamkaribisha mtoto huyo kwangu huku mama yake analia Ganze? Chozi la mzazi haliozeshi mtu."

"Alimwambia kwa ajili yangu."

"Ndiyo. Na ndiyo maana sitaki." Alivaa miwani. "Sufyan amekuposa tena kutoka Mombasa. Ni mtoto wa ndugu yangu, hana makuu. Nimemwambia angoje."

"Angoje mpaka lini?"

"Filamu ikiisha utanipa jibu. Sitakulazimisha. Lakini si Kalama, mwanangu. Hilo nimelifunga."

Sikulia mbele yake. Nilirudi juu, nikakaa kwenye cherehani. Nilimpigia Kalama simu mara nne jioni ile. Kesho yake pia. Simu iliita, na haikushikwa. Kwa siku kumi na moja sikujua analala wapi.

Gitau alikuja Alhamisi kama ilivyosemwa. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, naye akanikosesha hata hilo. Alikuwa mtu mpole, mwenye haya. Nilipokuwa nikimpima shingo alinambia, "Niliona kazi ya yule jamaa, madam. Ni mwigizaji kamili. Mimi najua kuchekesha tu." Kisha akaomba radhi kwa jambo ambalo hakulifanya.

Onyesho la nikaha lilirudiwa juma la pili, asubuhi, uani kwetu. Majirani walikuwa wamekaribishwa wawe wageni wa harusi: wanawake kwa buibui za zamani nilizozitafuta kabati kwa kabati, wanaume kwa kofia na kanzu. Baba alikuwa mmoja wao, amekaa mstari wa mbele. Mimi nilisimama nyuma ya kamera, pini mdomoni.

Pola akapaza sauti, "Haya!"

Kadhi, mzee mmoja wa Shela aliyekuwa hajawahi kuigiza maishani, alimshika Gitau mkono. "Umekubali kumuoa?"

Gitau alifungua mdomo, akaufunga. Akaufungua tena. Akajisogeza hadi sikioni mwa kadhi na kusema kwa mnong'ono uliosikika ua mzima, "Mzee, tatizo ni kwamba... huyu ni nyanya yangu."

Kadhi alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, wengine wake zao huwaita asali. Wengine halua. Wewe umependa nyanya. Hakuna aya inayokataza mboga. Sema umekubali."

Na uso wa Gitau! Sijui aliufanya nini. Ulishuka polepole kama hema lililong'olewa kigingi, jicho moja likitangulia. Mtu wa kwanza kucheka alikuwa baba. Halafu wanawake. Halafu ua mzima, hata mpiga picha alikuwa akijiuma mkono asitikise kamera. Na mimi nikacheka. Pini zilinitoka mdomoni. Nilicheka kicheko cha tumboni, nimejishika ubavu, machozi yananitoka, kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na moja. Nilicheka mpaka nikageuka pembeni nipate pumzi.

Kalama alikuwa amesimama mlangoni.

Alikuwa amevaa shati safi, limepigwa pasi. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Ananitazama. Uso wangu ulikuwa bado na kicheko. Alitikisa kichwa kidogo, kama anayenisalimu, akageuka.

Nilimfuata mpaka nje, nikamkuta hatua chache kutoka mlangoni, akitembea bila haraka.

"Kalama!"

Akasimama.

"Anachekesha," alisema. "Pola alikuwa na haki. Hata mimi nilicheka."

"Ulikuwa wapi? Nimekupigia..."

"Kuruwitu, kwa rafiki. Nilikuwa nafikiri." Alitazama viatu vyake. "Mama amenitumia mtu. Ananiita nyumbani."

"Amekubali?"

"Hapana. Mimi ndiye ninayetakiwa nikubali, niiache habari yetu. Nikirudi, narudi moja kwa moja. Sikumjibu. Nikasema kwanza nije kwako, nina neno nataka kukuuliza."

"Niulize."

Nyuma yetu, uani, watu waliangua kicheko tena. Walikuwa wanarudia onyesho, kamera ikiwa upande mwingine. Kalama alisikiliza mpaka kikatulia.

"Niulize, Kalama," nilimwambia. "Niulize sasa hivi. Lolote."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikuweza kusoma kilichomo machoni mwake. Alikuwa mwanamume ambaye moyo wake ulikaa usoni, na hilo ndilo lililomfukuzisha kazi. Sasa hapakuwa na kitu.

"Sikuwa nimewahi kukuona ukicheka hivyo," alisema. "Miaka miwili. Sikujua unaweza."

"Ni mzaha tu! Ni kazi yake, anachekesha kila mtu!"

"Najua. Sikulaumu." Alivuta pumzi. "Msalimie mzee. Mwambie nilikuja kuaga, asije akasema nimeacha hata hili katikati."

Akaenda. Sikumkimbilia. Watu walikuwa barabarani, wananijua, mimi ni binti wa Mahmood. Lakini si hilo lililonizuia. Nilizuiwa na kujua kwamba nikimfikia nitamwomba aniulize tena, na ataniuliza kwa kunihurumia. Alipinda kwenye kona ya msikiti.

"Nahla!" Pola aliita. "Joho limeshuka bega! Njoo!"

Nilirudi ndani, nikaokota pini zangu moja moja kwenye saruji, nikalipandisha joho la Gitau, nikalishika. Waliporudia mara ya nne, baba aliondoka mstari wa mbele akaja kusimama karibu nami, angali akifuta macho kwa kikoi.

"Nani alikuwa mlangoni?"

"Kalama. Amekuja kuaga. Anakwenda kwao."

Baba aliuweka mkono wake begani kwangu, mzito.

"Mwambie Sufyan aje," nilisema.

"Filamu haijaisha bado, mwanangu. Nilikupa muda."

"Mwambie aje, baba."